Mimi Si Posta

Kwenye mkaratusi wa kona ya kiwanja changu kuna msumari wa inchi nne ambao sasa haung'oki. Mti umenenepa, ukaumeza mpaka shingoni, na kipande cha waya wa buluu kimebaki kikining'inia, urefu wake kama hatua mbili za mtu mzima. Nimekipima mara mbili. Watu hunishauri nikikate kwa sababu kinaharibu sura ya mti. Nawaambia nitakikata wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo ina miaka mingi sasa.

Kuueleza waya ule lazima nianze na sanduku la posta. Nilipohamia Karatu kutoka Kilimanjaro, miaka ya tisini, nikiwa na mahema sita ya kukodisha na masufuria ya kambi, sikuwa na S.L.P. yangu. Mtaani kwetu hakuna aliyekuwa nayo. Tulitumia sanduku la parokia, Wakristo, Waislamu na wale wasiosali popote. Ufunguo alikuwa nao katekista. Jumapili baada ya misa alisimama kwenye ngazi na furushi lake, akaita watu kwa sauti. Mwenye duka letu, Mwislamu asiyekosa swala hata moja, alikuja kila Jumapili kusimama nje ya uzio, kofia kichwani, kungoja aitwe.

"Leo umeokoka?" tulimtania.

"Nangoja barua tu. Mkianza kuimba tena naondoka."

Tulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: barua ya mtu haifunguliwi. Ungeweza kumpokelea, ukaibeba, ukailaza juu ya kabati lako wiki nzima mpaka mwenyewe arudi kutoka Mbulu. Kuifungua, hapana. Sanduku moja, ufunguo mmoja, watu zaidi ya mia, na sikuwahi kusikia barua imefunguliwa. Nilidhani hiyo ni tabia ya masanduku. Kumbe ilikuwa tabia ya katekista.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza, mwenye gesti iliyo juu kidogo ya mtaa wetu, upande wa barabara ya kwenda geti la Ngorongoro, akaleta dishi. Lilikuja juu ya lori, limefunikwa turubai, na lilipofunuliwa mtaa mzima ulitoka kulitazama. Alikuwa mtu wa Arusha, mpole wa sauti, anayevaa sweta hata jua likiwa kali. Alianza na kompyuta tatu kwenye chumba kimoja cha gesti. Baadaye akasema anaweza kuuleta mtandao mpaka majumbani kwa waya, kama kuna mtu anautaka. Nguzo zake zilikuwa miti ya watu.

Akaja kwangu.

"Dada, mti wako nimeupenda."

"Hauuzwi."

"Siununui. Nataka kupitisha waya tu."

"Ng'ombe akipita anaondoka. Waya ukipita unakaa."

Akacheka. Akaniambia ana miti kumi na sita ya kutosha, wangu ni wa kuongezea tu. Nikamwomba tuihesabu pamoja. Tukatembea kutoka dishini mpaka kwenye duka, tukarudi, tukaenda tena. Ilikuwa kumi na saba, na bila wa kwangu waya usingeweza kukata kona. Aliuruka kwenye hesabu makusudi ili uonekane hauna kazi. Tulikubaliana hivi: waya uingie ndani kwangu bila malipo, maadamu mti umesimama. Nikamwandikisha nakala mbili, akasaini zote. Nilirudi ndani nikiwa nimefurahi kama mtu aliyemfunga simba kwa kamba ya mahema.

Ikaja habari ya anwani. Aliuliza kila mtu anataka anwani gani ya imeili. Mwenye duka akauliza, "Kwani moja haitoshi? Ya parokia si ni moja?" Wote tukaona amesema jambo la akili. Tukafungua anwani moja ya mtaa mzima. Anayekuandikia aliambiwa aweke juu kabisa: Kwa Duka, Kwa Mwalimu, Kwa Mama wa Mahema. Neno la siri lilikuwa "karibusana", na mwenye dishi alitutangazia mwenyewe akiwa mlangoni, kwa sauti, kama anayeita watu kwenye chai. Sasa hivi nikiwasimulia vijana hucheka mpaka wanakaa chini. Lakini sisi tulitoka kwenye sanduku moja na ufunguo mmoja, na hatukuwa tumeumizwa.

Wasio na kompyuta, kila mmoja alichapishiwa karatasi yake, ikakunjwa kama sigara, ikachomekwa kwenye kreti tupu la soda lililokuwa kwenye kaunta ya gesti. Kreti lina matundu ishirini na manne. Tundu la kona ya kushoto lilikuwa la Mwalimu.

Mimi nilikuwa na kompyuta, nimeipata kutoka kwa kampuni ya utalii iliyofunga ofisi. Niliiweka mezani kando ya kitanda, nikaifunika kitambaa cha kudarizi. Kila asubuhi, kabla sijatoa mahema, nilifungua sanduku la mtaa. Barua zote zilikuwa pale kwa mstari, za kila mtu. Isiyofunguliwa iliandikwa kwa wino mnene, mweusi. Ikishafunguliwa wino unakonda. Nilifungua zangu, za watu nikazipita kwa macho, kama tulivyozoea.

Mwalimu nilipakana naye uzio. Alikuwa Mwiraqw wa Ganako, amestaafu, amefundisha nusu ya mtaa kusoma na nusu nyingine amewachapa kwa kutojifunza. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda. La kulia lilikuwa linafifia kutoka pembeni kuja katikati. Alisema ni kama mtu anayefunga mapazia pole pole bila kuulizwa. Madaktari wageni, ambao huja mara moja kwa mwaka kwenye hospitali ya misheni, walimpima wakasema ni presha ya macho. Safari ile nafasi zao zilikuwa zimejaa. Wakirudi wataandika kumpa siku ya kupasuliwa, na wasipomwahi mwaka huo, lililobaki halitangoja mwaka mwingine. Wakamwomba anwani ya haraka. Akawapa ya mtaa.

"Barua ikija utaniona nakimbia," aliniambia juu ya uzio. "Ukinikuta nimejikwaa usinicheke, nitakuwa sijaona vizuri."

Nilianza kupata wasiwasi asubuhi moja nilipomkuta mwenye dishi mbele ya gesti yake, akipiga mswaki.

"Hongera dada. Julai hii wako tisa."

Kila Julai nilikuwa napokea kundi la watazama ndege kutoka ng'ambo, watu wanane siku zote, na wao ndio waliochukua mahema yangu yote kwa mpigo. Mwaka huo nilikuwa bado nangoja barua yao. Nikarudi nyumbani, nikafungua kompyuta. Barua ilikuwepo. Nikaisoma: tisa. Nikasoma tena: tisa. Na kabla sijaigusa, wino wake ulikuwa umeshakonda.

Nikaanza kuangalia. Barua ya Duka iliyohusu wageni wa kwenda Engaresero, imekonda kabla ya mwenyewe kufungua dukani. Wageni wale walishukia gesti, wakaondoka na gari la gesti. Nyingine ya mtu wa kukodisha punda, hivyo hivyo. Salamu za ndugu, matangazo ya misiba, barua za watoto walioko shule, hizo zilibaki nene mpaka wenyewe wazifuate. Nilihesabu wiki mbili. Zilizokonda mapema zote zilikuwa na mgeni ndani yake.

Sikumwambia mtu. Niliona nina mkataba, nakala mbili, na mti.

Mwalimu ndiye aliyelisema la dishi mbele ya mkutano wa kitongoji, bila kujua nusu ya niliyokuwa najua. Tuliitwa kwa sababu ya pampu ya maji. Nyumba ya pampu ina kufuli tatu, na funguo wanazo watu watatu wa kamati. Mmoja hawezi kuingia peke yake, wala kuzima maji kwa hasira zake. Mjadala wa koki ulipokwisha, Mwalimu akasimama.

"Mwenyekiti, hizi kufuli tatu naziunga mkono. Naomba na lile dishi liwekewe tatu."

Watu wakacheka. Mwenye duka akadakia, "Tugawane neno la siri. Mimi nishike 'karibu', Mwalimu ashike 'sana'."

Mwenye dishi alisimama taratibu, ameshika kofia yake. "Mwalimu wangu, shikamoo. Maji yakikatika mtu anakufa. Imeili ikikatika mtu amekosa picha za harusi. Maji ni ya kijiji, yalichimbwa na kijiji. Dishi nilinunua mimi. Nikichoka nazima, nikilala nazima. Mimi si posta."

"Marahaba. Hakuna aliyekuuliza ulinunua nini," Mwalimu akasema. "Posta nikikosa barua naenda dirishani, nauliza, na aliye pale ndani analazimika kunijibu hata akiwa amenuna. Wewe ukizima, mimi niende dirisha gani?"

Pakawa kimya. Nakikumbuka kimya kile kwa sababu mimi ndiye niliyekivunja. Kama dishi lingekuwa la kamati, mkataba wangu wa mti ungekuwa karatasi ya kufungia vitumbua, na Julai ilikuwa inakuja.

"Mwenyekiti," nikasema, "kamati yetu ilichukua miezi minne kununua koki moja. Tukiwapa dishi, wageni wangu watafika, watapiga picha, watarudi kwao, na sisi bado tunachagua katibu."

Kicheko kikawa kikubwa. Mwenyekiti mwenyewe alifuta machozi, akasema suala la anasa lisubiri, turudi kwenye pampu. Mwalimu alinigeuzia lile jicho lililobaki. Ilibidi ageuze kichwa kizima.

"Wewe wa mti. Nilijua utasema hivyo."

Siku hizi nasikia watu redioni wakibishana kama mtandao wa nyumbani ni haki kama maji na barabara, au ni bidhaa kama nyingine, anayetaka anunue na asiyetaka aache. Wanaosema ni bidhaa wana hoja, nazijua, nilizitoa kabla yao na watu wakacheka. Ni kweli serikali ingechelewa. Ni kweli kamati ingegombana. Bila yule bwana tusingekuwa na mtandao mpaka simu za mkononi zilipouleta. Lakini ninapowasikiliza nangoja mmoja aulize habari ya dirisha, na mara nyingi kipindi kinakwisha.

Mkutano ulikuwa Jumanne. Jumatano asubuhi nikaandika "karibusana" na sanduku likakataa. Nikaandika tena, herufi kwa herufi. Likakataa. Nje nikasikia mwenye duka akilalamika kwa sauti kwamba na kwake pamefungwa.

Mchana mwenye dishi alipita kwangu, akasimama chini ya mkaratusi, akaupapasa gome lake.

"Mti una afya," akasema.

"Nashukuru."

Akanipa kipande cha pakiti ya sigara. Ndani yake kulikuwa na neno jipya, kwa mwandiko mzuri. "Hili ni lako peke yako, kwa sababu wewe una akili ya biashara. Ukimpa mtu, au ukimsomea mtu barua yake, nitajua. Nitabadilisha tena, na wageni wako utawangoja barabarani kama mtu anayengoja basi. Za wengine nitawachapishia mwenyewe, nikipata nafasi."

Nilipaswa kuvutana naye hapo, kama tulivyovutana juu ya mti. Mimi, niliyewahi kupunguziwa hata sadaka. Badala yake nikakunja ile karatasi mara mbili nikaiweka kwenye kifua cha gauni.

Alhamisi nikafungua sanduku. Katikati ya mstari kulikuwa na barua mpya, nene, nyeusi: Kwa Mwalimu. Aliyeituma alikuwa na jina la kigeni lisilonieleza kitu. Mwalimu alikuwa na mwanafunzi wake wa zamani aliyeolewa huko nje, anayeandika salamu ndefu za hali ya hewa. Nikajiambia ni huyo.

Ijumaa ilikuwepo, nene vile vile. Siku hiyo mwenye dishi akaondoka kwenda Arusha, akasema atarudi kesho kutwa. Chumba cha kompyuta akakifunga, kreti likabaki ndani.

Jumamosi asubuhi nilikuwa naanika turubai. Mwalimu akaja uzioni akishika fito moja baada ya nyingine kwa mkono.

"Mwanangu, kwako panafunguka?"

"Shikamoo Mwalimu. Hapana. Hata kwangu pamefungwa."

"Hata wewe wa mti?"

"Hata mimi."

"Basi huyu bwana ana roho ngumu," akasema, akarudi akipapasa zile fito.

Ningeweza kumwambia maneno matano tu: kuna barua yako, mtafute daktari. Lakini hilo lingekuwa sawa na kumwambia kwamba neno ninalo. Mwalimu angemwambia mwenye duka, mwenye duka angeupigia mtaa mzima kelele, na Julai yangu ingekwisha. Basi kila asubuhi nilifungua sanduku, nikaikuta, nikafunga. Kesho kutwa ya mwenye dishi ikawa wiki na siku kadhaa. Barua haikukonda. Hilo lilinitisha kuliko zile zilizokonda, maana nilielewa kwamba hakuna aliyeizuia. Ilikuwa imekaa tu. Hapakuwa na mgeni ndani yake.

Nikaacha kupita upande ule wa uzio. Upepo wa kutoka kreta ulikuwa unavuma wiki ile, na waya ulilia kwenye msumari mchana kutwa, sauti nyembamba kama ya mbu. Nilimwona Mwalimu kwa mbali. Zamani alikuwa akichambua mchele mlangoni, ungo magotini. Sasa alikuwa anamenya maharage, kazi ya vidole.

Jumatatu, kabla sijafika mezani kwangu, mwenye dishi alikuwa mlangoni. Amerudi usiku wa jana yake, sweta lile lile. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa kama sigara.

"Mpelekee jirani yako. Naona ni ya hospitali."

"Ya hospitali?"

"Nimeichapisha leo."

"Na ikiwa imechelewa?"

Alinitazama kwa upole kabisa. Sikuona ubaya wowote usoni pake, na nilitafuta. "Dada, nilisema mbele ya mkutano, na wewe ukaniunga mkono. Mimi si posta."

Nikaenda. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda, beseni la maharage miguuni. Alinitambua kwa hatua.

"Mama wa Mahema. Umepotea."

"Shikamoo Mwalimu. Nimekuletea barua."

Mikono ikasimama. "Imekuja! Nisomee, mwanangu. Mimi herufi hizo ndogo sasa ni sisimizi tu."

Nikaikunjua. Ilikuwa karatasi moja, maneno mbele, na nyuma yake mstari wa mashine unaoonyesha siku ilipoingia. Nikamsomea mbele, nikiigeuza Kiswahili polepole. Madaktari wanamsalimu. Wamepata nafasi yake. Afike Jumatano saa moja asubuhi, asile kitu tangu usiku. Wanaomba sana asikose, maana Jumamosi wanarudi kwao.

"Jumatano," akasema. "Keshokutwa hiyo. Nitaoga kesho, nitavaa kitenge kile cha…"

"Mwalimu."

"Nini?"

"Ni Jumatano iliyopita."

Punje moja ya maharage ilikuwa katikati ya vidole vyake. Aliizungusha, akaitia kwenye beseni, akachukua ganda jingine. 

"Imeingia lini barua hii?"

"Imekaa siku kumi na moja," nikasema.

Akainua uso. Ilimbidi autafute uso wangu, akaupata upande kidogo, begani.

"Sijasikia karatasi ikigeuka," akasema.

Nikaanza kuikunja tena ile karatasi.

"Wewe unahesabu vigingi vya hema mara mbili. Unahesabu mpaka chenji ya kanisani. Leo umepata wapi kumi na moja bila kuhesabu?"

"Mwalimu, mimi…"

"Hesabu," akasema, kwa sauti ile ya darasani ambayo nusu ya mtaa wanaifahamu migongoni mwao. "Kwa sauti. Nisikie."

Nikahesabu. Alhamisi, moja. Ijumaa, mbili. Jumamosi, tatu, na hapo nikakwama, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku aliyoniuliza uzioni, na nikaona kwamba na yeye amefika hapo hapo. Akasubiri. Jumapili, nne. Jumatatu. Jumanne. Jumatano, saba. Kwenye Jumatano ganda alilokuwa ameshika lilivunjika, punje ikaruka. Nikaendelea mpaka Jumapili ya jana, nikafika kumi na moja.

Nyuma ya uzio waya ulikuwa unalia kwenye mti wangu.

Mwalimu akainama, akapapasa chini mpaka akaipata punje iliyoruka, akaitia kwenye beseni.

"Tena," akasema.